Koti Lililosomeka Kwa Ndani

Kabla hajapanda basi la kwenda Dar es Salaam, mwanafunzi wangu wa kwanza aliniuliza kama yuko tayari. Nilimjibu kwamba yuko tayari. Kwa miezi minne nilikuwa nimejua kwamba kila nilichomfundisha kilikuwa kimegeuzwa, kulia kikawa kushoto na kushoto kulia, na nikamwacha aondoke nacho hivyo hivyo. Nayaandika haya kwa sababu kila nikijaribu kuyasema kwa mdomo najikuta nayapamba.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona kwenye baraza ya shangazi yangu, Nyakabiga, mtaa wa Bujumbura: sare za shule, magauni ya harusi, mapazia. Ni mtu wa kufumua. Mshono ukipinda kwa upana wa uzi naufumua wote, na shangazi hunung'unika kwamba mteja hatauona. Najua hatauona. Mimi ndiye nitakayeuona hata nikifumba macho.

Nilianza fimbo kwa sababu ya woga. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kifua kilikuwa kinanibana mchana kweupe, mkasi mkononi, bila sababu ninayoweza kuitaja. Siku moja mteja aliyekuwa anasubiri suruali yake alinionyesha video kwenye simu: mzee mmoja wa kisiwa cha Okinawa, kule kusini mwa Japani, peke yake na fimbo ndefu kwenye sakafu ya mbao. Hakumpiga mtu. Alipiga hewa, na kila pigo lilionekana limefika mahali palepale lilipotakiwa kufika. Kila kidole kilikuwa na makao yake. Nilitazama mpaka mteja akanidai simu yake. Kifua kilikuwa kimelegea.

Basi nikawa nanunua mega za intaneti na kutafuta video za mzee yule. Nilizipata ishirini na kitu, zote zimewekwa na mtu mmoja, na nikazihifadhi. Nilijifunza kutoka kwazo kwa miaka mitatu, sekunde kwa sekunde, simu imeegemezwa kwenye kopo. Nilisoma pia kila nilichokiweza, kwa Kifaransa changu cha shule. Nikajua kwamba kisiwa kile kilikuwa sehemu ya ufalme uliojitawala, ukifanya biashara na Wachina na Wajapani, hadi askari wa ukoo mmoja wa kaskazini waliposhuka na kuutawala. Nikasoma kwamba watu walikatazwa silaha, na kwamba wakulima na wavuvi wakapigana kwa walichokuwa nacho: mti wa kubebea mizigo begani, mpini wa jiwe la kusagia, mundu, kafi la mtumbwi. Na kwamba ili wasikamatwe, waliyaficha mapigo yao ndani ya ngoma zao za kijiji.

Nilisoma pia kwamba wanahistoria wengi hawaikubali hadithi hiyo. Wanasema walimu wanaojulikana walikuwa watu wa ikulu, walinzi na makarani wa mfalme, na kwamba ufalme ulipofutwa walikosa kazi, wengine wakaenda kulima, wengine wakacheza ngoma za ikulu kwenye majumba ya michezo ili wapate kula. Nilizijua hadithi zote mbili. Nilipoanza kufundisha, nilifundisha ile ya wakulima peke yake, kwa sababu ilitupendeza zaidi.

Mwanafunzi wangu wa kwanza alinikuta Carama, pembezoni mwa mji, kwenye kiwanja kitupu ambako nilikuwa naenda kujizoeza kwa sababu kule mashamba yanaanza na watu wanapungua. Yeye alikuwa msichana msusi. Alikuwa anasuka nywele za watu kwenye kibaraza cha kwao, hatua thelathini kutoka pale, na alinitazama wiki nzima kabla hajaja.

"We kaka, unafukuza nyuki?"

"Najifunza."

"Kwa nani?"

Nikamwonyesha simu.

"Mwalimu wako anaingia mufukoni!" Akacheka, akashika fimbo yangu, akaipima uzito kwa vidole vile vya kusukia. "Bon. Na mi nifundishe. Mi sina mwalimu hata wa mufukoni."

Baada ya mwaka walikuwa wanane, pamoja na dereva mmoja wa pikipiki ambaye alikuwa mkubwa kunizidi kwa miaka kumi na bado aliniita mwalimu. Walinicheka na waliniheshimu kwa wakati mmoja, jambo ambalo sikuwahi kulipata popote. Nilipowaletea mundu, nikawaambia kwamba kule kwao unaitwa kama.

"Kama nini?" akauliza dereva.

"Kama tu."

"Kama tu nini, mwalimu? Maliza."

Ikawa wimbo wetu. Mtu akikosea pigo, wengine wanaimba: kama nini, kama nini.

Kiongozi wa mtaa alikuja kutuuliza. Vijana wanane wenye fimbo kwenye kiwanja si jambo ambalo mtu wa Bujumbura analipita akiangalia pembeni, na sikumlaumu. Nilimwambia kwamba ni ngoma ya kisiwa cha mbali.

"Ngoma gani haina ngoma?" akasema.

Wiki iliyofuata tulikuwa nazo, makopo ya maziwa ya unga yaliyowambwa ngozi ya mbuzi. Nikawafundisha eisa, ngoma ambayo vijana wa kule huicheza wakipita nyumba kwa nyumba katika siku za kuwakumbuka wafu, wakizisindikiza roho za wazee zirudi zilikotoka. Na ile ya mwisho wa sherehe, ya kuinua mikono juu na kuizungusha viganja, ambayo kila mtu anaicheza anavyojua. Kiongozi akaja akatazama, akapiga makofi kidogo, akaenda. Shangazi, nilipomweleza, akasema, "Sisi marehemu wetu tunawaombea dua. Apana kuwapigia makopo."

Ishara zilikuwepo. Jumapili moja tulikwenda Kajaga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ili tufanye mtindo wa kafi mchangani, maana kuna pigo ambalo ncha ya kafi inachota mchanga na kuurusha machoni pa adui, na kwenye udongo mgumu wa Carama lilikuwa halina maana. Wavuvi walituazima makafi mawili. Mmoja alitutazama akiwa anatoa dagaa kwenye wavu, akasema, "Eh, nyie wote ni wa kushoto? Muna mama mumoja?" Wote tulicheka. Mimi nilijiambia kwamba mvuvi wa Tanganyika hawezi kujua mambo ya Okinawa, na nikasahau.

Shangazi naye aliona. Nilipokata mfano wa makoti ya mazoezi niliyotaka kutushonea, nikifuata picha ya mzee wa video, aliushika ukosi akausogeza huku na huku. "Hili ni la kiume, mbona linafungwa kike?" Nikamwambia kwa ukali kidogo kwamba ndiyo desturi yao.

Yale makoti yalinichukua majuma sita. Nyuma ya mzee, kwenye ukuta, kulikuwa na ubao wenye maandishi manne ya kwao, na nilitaka yawe mgongoni mwa kila mmoja wetu. Sikujua yanasema nini. Nilisimamisha video, nikakuza picha, nikachora kila mstari kwenye karatasi, nikapitisha kwenye kitambaa, nikatarizi kwa cherehani. Koti la tatu nililifumua mara nne kwa sababu ya mkia mdogo wa herufi uliokuwa mnene kupita kiasi. Siwezi kuieleza furaha niliyokuwa nayo siku nilipomaliza la tisa, langu mwenyewe.

Niliivaa furaha hiyo mjini. Niliingia duka la Mchina mmoja anayeuza zipu na nyuzi, nikiwa na koti mwilini, na nilipogeuka kuangalia rafu nilimsikia anacheka. Hakuwa anacheka vibaya.

"Wewe. Vua."

Nikavua. Akaligeuza koti ndani nje, akalinyanyua kwenye mwanga wa mlango, mahali ambapo nyuzi za tarizi zinaonekana kwa upande wa pili. "Sasa nasoma," akasema.

"Yanasema nini?"

"Mazuri. Maneno ya mwalimu." Kiswahili chake hakikufika mbali zaidi, akanirudishia koti na kunipimia zipu zangu.

Nilitembea hadi nyumbani nikilishika koti mkononi. Nilielewa kabla ya kufika, lakini nilihakikisha. Aliyeziweka zile video alikuwa amezigeuza zote kama kwenye kioo, nadhani ili mwenye nazo asigundue kwamba zimeibwa. Mtu yeyote anayesoma maandishi yale angegundua kwa kutupa jicho. Mimi sikuwa najua kuyasoma, na nilikuwa nimenakili kosa kwa uangalifu kuliko mtu mwingine yeyote duniani angeweza. Miguu, mikono, upande wa kushikia kopo la ngoma, ukosi. Kule kwao, nilisoma, aliye hai hufunga vazi upande wa kushoto ukiwa juu. Anayefungwa upande wa kulia juu ni maiti.

Nilimwambia shangazi peke yake. Yeye ndiye anayeosha maiti za wanawake wa msikiti wetu, na alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upande wa mtandio. Kisha akaacha. "Hata sanda tunamaliza na kulia juu. Umevalisha watoto wa watu nguo ya kuagwa. Uwaambie."

"Nitawaambia."

"Siku gani?"

"Nikisharekebisha."

Hapo ndipo ninapotaka nisijipambe. Mpango wangu ulikuwa nijifunze upya kila kitu kwa upande sahihi, kimyakimya, halafu siku moja nisimame mbele yao na kusema: kulikuwa na kosa, na hili hapa limekwisha, nifuateni. Nilitaka kukiri bila dosari. Lakini mwili ulikataa. Miaka mitano ilikuwa imeingia kwenye viungo, na kila nilipoanza upande mpya, katikati ya pigo la tatu mkono wa zamani ulijitokeza wenyewe. Nikawa najizoeza alfajiri upande mmoja na kufundisha jioni upande mwingine. Kifua kikarudi kubana.

Na historia ilinipa pa kujificha. Nilisoma kwamba mitindo ile yenyewe inatofautiana kutoka mwalimu hadi mwalimu, kwamba fimbo inachezwa tofauti katika kijiji hiki na kile, na kwamba hakuna anayejua tena ni ipi iliyotangulia. Nikaanza kuwaza: labda zamani mwanafunzi mmoja alisimama mbele ya mwalimu wake, uso kwa uso, akaiga alichokiona, kulia kwake kwa kushoto kwa mwenzake, na leo wajukuu zake wanakiita mtindo. Kwa nini changu kisiwe mtindo? Nililiwaza hilo mara nyingi kiasi kwamba kuna siku niliamka nikiwa karibu kuliamini.

Katikati ya hayo yote msusi akapata nafasi ya kwenda kusoma uuguzi Dar es Salaam, kwa dada wa mama yake. Atasuka nywele huko ajilipie. Na alikuwa amekwisha kutafuta: kulikuwa na klabu ya fimbo huko, mwalimu wake alikuwa amefika Okinawa kwenyewe. Kwenye kituo cha basi alikuwa na fimbo yake imeviringishwa kitenge kama mtoto mchanga.

"Mwalimu, kuna kitu watanikuta sikijui?"

Abiria walikuwa wanasukumana na mizigo. Ningeweza kumvuta pembeni kwa dakika moja. Nilifungua mdomo, na nilichokiona akilini ni uso wake ukibadilika.

"Uko tayari," nikasema.

Ujumbe wake wa sauti ulikuja majuma matatu baadaye, nikiwa kwenye cherehani. Nauandika kama alivyousema.

"Amahoro, mwalimu. Bon, walicheka kwanza Kiswahili yangu, nikazoea. Halafu wakacheka fimbo yangu. Mi nikasema ngojeni muone. Tukawekwa wawili wawili, mapigo ya kupokeana. Fimbo ya mwenzangu ikaja upande kwenye mi nina mukono. Kidole kimevunjika, kile cha karibu na kidogo. Daktari amefunga viwili pamoja. Kusuka apana kwanza." Nyuma yake kulikuwa na mtu anatwanga. "Mwalimu wa hapa ananiuliza nani alikufundisha hivi. Nimemujibu mwalimu wangu ana sababu, ni stili ya kwetu. Sasa unitumie jina ya hiyo stili, niende nimuambie."

Nilizima cherehani.

Jina lingepatikana. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo, jinsi lilivyokuwa karibu. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kutaja kijiji, kumtaja karani wa mfalme aliyekosa kazi, kuunda ukoo mzima wa walimu wa kushoto. Angenishukuru. Angekwenda klabuni akiwa ameinua kichwa, na kidole chake kingekuwa ajali tu.

Nilirekodi majibu nikayafuta. Moja lilikuwa zuri mno, lenye mpangilio, likianza na historia ya video na kumalizia na msamaha, na nilipolisikiliza nilimsikia mtu anayehutubia. Shangazi, aliyekuwa anapiga pasi nyuma yangu na kusikia yote, akasema, "We mutoto, maneno ya kweli ni mafupi. Mbona yako yana ukosi na mifuko?"

Nikabonyeza tena. "Si stili. Ni kosa langu, nilijifunza kwenye video zilizogeuzwa. Nilijua miezi minne kabla hujaondoka. Niliogopa." Nikatuma kabla sijasikiliza.

Aliusikiliza siku hiyohiyo. Alama mbili ziligeuka buluu. Hakujibu.

Jumamosi nilikwenda Carama, nikawaambia waliobaki. Nilisema vibaya, nikarudia sentensi, nikaweka fimbo chini. Niliwageuzia koti nikawaonyesha maandishi kwa ndani. Wasichana wawili walicheka, kama yule Mchina alivyocheka. Mmoja akaimba kwa sauti ndogo, "Kama nini, kama nini," na hakuna aliyemwitikia.

Dereva wa pikipiki ndiye aliyeuliza. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu kabla msusi hajaondoka."

"Yule mutoto ulimusindikiza kwenye basi. Mi ndo niliwapeleka na pikipiki."

"Ndiyo."

"Ukiwa unajua."

"Ndiyo."

Aliigeuza kofia yake ngumu mikononi. "Video kugeuzwa, bon, hata mi ningedanganyika. Lakini mi nikijua breki imekufa sipakii mutu." Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya matofali. Wawili waliondoka pamoja naye. Siku zilizofuata nilimwona mara mbili njiani, akainua mkono kunisalimia bila kusimama.

Siku ya tisa baada ya ujumbe wangu, jioni, simu iliita. Ilikuwa video, kutoka kwa msusi. Alikuwa amesimama mahali penye ukuta mweupe na kamba za kuanikia nguo, vidole viwili vimefungwa pamoja kwa bendeji ambayo ilikuwa imechafuka kwa majivu ya jiko. Amekonda. Sikujua niangalie uso au mkono.

"Uko peke yako?"

"Wanne wapo." Walikuwa wanafagia kiwanja nyuma yangu.

"Mwalimu wa hapa amenirudisha mwanzo kabisa, na watoto wa miaka saba. Wananiita bibi." Hakutabasamu. "Lakini nimeshika pigo nne. Simamisha simu kwenye tofali. Waite."

Nikawaita. Wakasimama mstari mmoja, na mimi, kwa mazoea, nikasogea mbele.

"Apana. We rudi nyuma yao, kwenye mwisho."

Nikarudi mwisho. Nilianza kumwambia pole, kwamba kidole, kwamba nimekuwa nikiomba, na akanikata.

"Usiseme sasa. Mi bado nina hasira, na hasira yangu siyo ya simu." Alikuwa anahangaika kuegemeza simu yake mahali fulani, picha ilionyesha mbingu, kisha mguu wake, kisha ukuta. "Kamera ya mbele siiamini. Na uso kwa uso sifundishi mutu. Angalieni."

Akaokota fimbo, akaishika kwa vidole vitatu vya mkono ule mbovu, akatugeuzia mgongo. Niliona visigino vyake, mabega, kisogo kilichosukwa mistari mitatu iliyopinda, labda amejisuka mwenyewe kwa mkono mmoja.

"Rimwe," akahesabu kwa Kirundi.

Wale wanne wakasogeza mguu wa kulia. Mimi nikasogeza wa kushoto, nikaurudisha.

"Kabiri."